Thamani ya Kazi ya Ubunifu Isiyovuma: Funzo kutoka Ukerewe kwa Waamini wa Katoro

Katika parokia na vigango vya ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita mjini hadi Katoro na Buseresere, wapo watu wengi waliojaliwa na Mungu karama ya kubuni kitu kipya. Yupo mwalimu wa kwaya anayetunga wimbo usiku, baada ya kufunga duka. Yupo fundi cherehani anayeshona kanzu za watumikiaji na vitambaa vya altare. Yupo seremala aliyechonga msalaba wa kigango, na yupo kijana wa VIWAWA anayeandika igizo la Mateso ya Bwana kila Kwaresima. Kazi zao huonwa na watu mia mbili au mia tatu, husifiwa siku moja, kisha Dominika nyingine hufika.

Wakati huohuo wapo wenzao walioanza nao. Yule waliyefundishwa nota pamoja naye sasa anaongoza kwaya kubwa Mwanza au Dar es Salaam. Nyimbo zake zimerekodiwa studio, video zake hutazamwa na maelfu ya watu, na jina lake hutajwa hata na watu wasiomjua. Habari hizo hufika Katoro kwa simu ya mkononi, kila siku, bila kubisha hodi. Ndipo moyoni huzuka swali ambalo wengi huona haya kulisema: kama mwenzangu amefika kule, kazi yangu hapa ina maana gani?

Swali hili lisipopata jibu huzaa madhara yanayoonekana. Watunzi huacha kutunga. Kwaya za vigango hubaki kuiga nyimbo za wengine tu, hata pale zisipowafaa. Nyingine huchangishana fedha nyingi ili zirekodi video, kisha hubaki na madeni na lawama, na umoja huvunjika. Jambo zito zaidi ni kwamba mtu huanza kuiona karama aliyopewa na Mungu kama mzigo. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa mwanga wa imani, na kwa kuuangalia mfano wa Mkristo mmoja wa Kanda ya Ziwa aliyelibeba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mizani ya dhahabu na mizani ya wimbo

Mazingira hutufundisha namna ya kupima vitu. Sisi tunaishi penye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na soko la madini la Geita lilizinduliwa mwaka 2019, lakini hata kabla ya hapo wachimbaji wadogo walikwisha kuizoesha nchi hii hesabu ya gramu. Mchimbaji akitoka duarani, mawe yake hupelekwa karasha, husagwa, huoshwa, na mwisho hufika mezani kwenye mizani. Hapo hakuna ubishi. Uzito na usafi wa dhahabu ndio bei yake. Aliyepata nyingi amepata, na aliyekosa amekosa, hata kama wote wawili walichimba kwa jasho lilelile.

Hesabu hiyo ni halali sokoni. Kosa huanza tunapoihamishia kwenye kila kitu, tukaupima wimbo, mchoro au igizo kwa mizani hiyohiyo: nani ana watazamaji wengi, nani amealikwa mbali, nani amelipwa. Dhahabu iliyotoka Geita ina thamani ileile Mwanza, Dubai na London, kwa sababu haina mwenyewe inayemjua. Gramu moja haijui ilitoka katika shimo la nani, wala haiulizi itavaliwa na nani.

Wimbo hauko hivyo. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya kumwaga marehemu wa jumuiya fulani unawajua watu wake. Unajua kwamba katika kigango hiki hakuna kinanda, kwamba sauti za wanaume ni chache, kwamba akina mama wengi hawasomi nota lakini wakisikia mara mbili hawasahau. Wimbo mkubwa uliotungwa mjini kwa kwaya ya waimbaji themanini unaweza kuwa kazi bora kabisa, na bado ukashindwa kufanya kazi ambayo wimbo mfupi wa kigangoni unaifanya kila mara jirani anapofiwa. Kwa hiyo kazi ya ubunifu haina bei moja ya dunia nzima. Tunapouliza thamani yake, ni lazima tuulize pia: kwa nani, mahali gani, na kwa haja gani?

Mzee wa Ukerewe na muswada wake

Ndani ya Ziwa Viktoria, katika kisiwa cha Ukerewe mkoani Mwanza, alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza. Alisomeshwa na wamisionari katika misioni ya Kagunguli, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikokaa miaka mingi akijifunza lugha na elimu ya dini. Hiyo ndiyo enzi ambayo, mwaka 1917, mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yetu walipewa daraja takatifu. Kitereza hakufika huko. Alirudi kisiwani, akafunga ndoa na Anna Katura, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake akaitumikia misioni kwa kazi za uandishi na tafsiri.

Katika maisha hayo ya kawaida alifanya kazi moja isiyo ya kawaida. Aliona kwamba lugha ya Kikerewe na desturi za wazee zilikuwa zikipotea, na vijana hawakuwa na mahali pa kuzisoma. Kwa kutiwa moyo na Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mamia ya kurasa juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ni habari ya mume na mke wanaopendana, wanaoteswa na masimango ya ndugu kwa sababu hawajapata mtoto, na wanaokataa kuachana. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, pombe, magonjwa, dawa, misiba na furaha za Wakerewe wa zamani. Aliimaliza mwaka 1945.

Baada ya hapo alisubiri. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kirefu namna ile katika lugha ya watu wa kisiwa kimoja. Padre Simard alijitahidi kukitafutia njia nje ya nchi, lakini alifariki dunia katika miaka ya 1950 kabla ya kufanikiwa. Miaka ikapita. Waandishi wengine wa nchi hii wakachapishwa na kusifiwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alisomwa katika shule za Afrika Mashariki nzima. Kisha likaja jambo linalogusa zaidi: vijana wa Ukerewe ileile, wenye umri wa kuwa watoto wake au wajukuu wake, wakamtangulia. Gabriel Ruhumbika alichapisha riwaya yake ya Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka 1969. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo aliyepitia Seminari ya Nyegezi, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 27. Wakati huo Kitereza alikuwa mzee wa miaka 75, na muswada wake ulikuwa bado sandukuni.

Mtu angeweza kudhani kwamba hapo mzee angekata tamaa. Badala yake alifanya kazi mpya. Wataalamu wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, waliofika Ukerewe kufanya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1960, walimtia moyo akitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili. Akiwa katika uzee wake, bila mtoto wa kumtunza, alikaa akaitafsiri kazi nzima kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikichapisha mwaka 1980, na nakala zake zikapigwa chapa China. Kitereza alifariki dunia mwaka 1981, kabla nakala hizo hazijamfikia mkononi.

Tuzingatie jinsi mambo yalivyoendelea. Kitabu hicho leo hutajwa miongoni mwa kazi kubwa za fasihi ya Kiafrika. Kimetafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza kupitia Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Aliyekitafsiri kwa Kiingereza, kutoka katika Kikerewe chenyewe, ni Gabriel Ruhumbika, yuleyule kijana wa Ukerewe aliyemtangulia kuchapishwa, ambaye wakati huo alikuwa profesa huko Marekani. Mafanikio ya mwenzake hayakumpunguzia Kitereza chochote. Hatimaye yaligeuka kuwa daraja ambalo kazi ya mzee ilivukia kwenda kwa watu wengine.

Lakini tusikimbilie mwisho huo mwema na kuufanya ndio jibu. Kitereza hakuuona. Kama maana ya kazi yake ingetegemea sifa na nakala zilizouzwa, basi kwa miaka 35 ingekuwa haina maana yoyote, na yeye angekufa bila kitu. Ukweli ni kwamba maana ilikuwamo tangu siku ya kwanza: alikuwa na watu aliowapenda, lugha aliyoitetea, na jambo la kweli la kusema juu ya uaminifu wa ndoa. Watu wazima wa Katoro wanaomfahamu jirani aliyesimangwa kwa kukosa mtoto wanajua kwamba jambo hilo halikuwa dogo.

Mafanikio ya mwenzetu na kidonda cha wivu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza Amri ya Kumi, inautaja wivu miongoni mwa vilema vikuu, na inaueleza kuwa ni huzuni inayompata mtu mbele ya mema ya mwingine. Maelezo hayo yanatusaidia kujichunguza kwa haki. Kuhuzunika kwa sababu wimbo wangu haukuimbwa vizuri si wivu. Kutamani kujifunza zaidi kwa kumwona mwenzangu alivyoendelea si wivu pia. Wivu ni pale mema yake yenyewe yanaponiuma, ninapoanza kutafuta kasoro zake, ninaponong'ona kwamba amebebwa, au ninapofurahi kusikia kwamba kwaya yake imegawanyika.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio karibu mno na hali yetu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 18, wanawake walitoka mijini wakiimba na kucheza, wakampa Sauli hesabu ya maelfu na Daudi hesabu ya makumi elfu. Sauli alikuwa mfalme, hakupungukiwa kitu. Lakini tangu siku ile hesabu iliyomo katika wimbo ilimwingia moyoni, akamtazama Daudi kwa jicho baya. Ni ajabu kwamba maelfu yalimtosha hadi alipoyasikia makumi elfu. Leo hesabu hizo zimeandikwa chini ya kila video, na Sauli anaweza kuzisoma kila saa.

Katika sura hiyohiyo yumo Yonathani, mwana wa Sauli. Yeye ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya kumwogopa Daudi, kwa maana kiti cha baba yake kingekuwa chake. Hata hivyo alimpenda Daudi kama nafsi yake, akavua joho lake akampa, pamoja na upanga na upinde. Baba na mwana waliyaona mafanikio yaleyale ya mtu mmoja. Mmoja yalimwangamiza, mwingine yalimkuza.

Naye Bwana wetu Yesu Kristo alilijibu swali hili waziwazi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Petro alipokwisha kukabidhiwa utume wake, aligeuka akamwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza habari zake. Yesu hakumpa maelezo ya mpango wa mwenzake. Alimrudisha Petro kwenye wito wake mwenyewe, yaani kumfuata Yeye. Kila anayeshika kalamu ya kutunga, patasi au sindano, huku jicho lake limegeukia kwa mwenzake, anahitaji kulisikia jibu hilo.

Wimbo wa uwanjani na wimbo wa jembe

Utamaduni wa Kisukuma, ambao wengi wetu ni watoto wake, una hekima inayoweza kutufaa hapa. Wazee wetu walikuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vilikutana uwanjani, vikacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wakawa huru kuhama. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Mashindano hayo yalileta ubunifu mkubwa: mitindo mipya, mavazi, vichekesho na tungo kali.

Lakini wazee walikuwa pia na nyimbo za jembe. Bugobogobo, ngoma inayojulikana sana leo, huchezwa kwa majembe na imetokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Kikundi kilipoingia shambani, ngoma ilipigwa na wimbo ukaimbwa ili mikono iinuke na kushuka pamoja na uchovu usahauliwe. Shambani kipimo cha wimbo hakikuwa wingi wa watazamaji. Kipimo kilikuwa shamba: je, limelimika? Wimbo uliowafikisha wakulima mwisho wa shamba kabla ya jua kuzama ulikuwa wimbo mwema, hata kama haukusikika kijiji cha pili.

Nyimbo zote mbili zina nafasi yake, na mtu mmoja anaweza kuimba zote. Tatizo huja tunapoutaka wimbo wa jembe utupe sifa za uwanjani. Sehemu kubwa ya kazi ya ubunifu katika parokia zetu ni wimbo wa jembe. Zaburi inayoimbwa baada ya somo la kwanza, igizo linalowasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu kuielewa Noeli, kitambaa cha altare kilichodariziwa na mama wa WAWATA, vyote hivyo kipimo chake ni shamba: je, watu wamesali? Je, watoto wameelewa? Je, mfiwa amefarijika?

Tena, tamaa ya kuvuta watu ina hatari zake, na hilo nalo si geni kwetu. Inajulikana kwamba katika mashindano ya zamani baadhi ya viongozi wa ngoma walitafuta dawa za kuvutia umati, kama ambavyo hata leo wapo wanaotafuta ndumba ili wapate dhahabu. Mtu akishaamini kwamba umati ndio uzima wake, atatafuta kila njia ya kuupata. Mkristo ameokolewa kutoka katika utumwa huo.

Kanisa limewahi kuonyesha namna ya kuzichukua karama za nyumbani kwa heshima. Huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na waamini kukusanya nyimbo, ngoma na vyombo vya jadi vya Wasukuma, na ndipo ilipo leo Makumbusho ya Wasukuma. Kanisa la hapo lilipambwa kwa alama za utamaduni wa Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi ikaadhimishwa pamoja na ngoma za wenyeji. Wachongaji na wachezaji wale walikuwa watu wa pale pale, na kazi yao ilithaminiwa pale pale.

Mafundisho ya Kanisa juu ya kazi ya mbunifu

Jambo la kwanza ambalo Kanisa linatufundisha ni kwamba karama ya ufundi ni paji la Mungu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina, anamjaza roho yake pamoja na hekima na ufahamu wa kila aina ya ufundi, na kumpa Oholiabu awe msaidizi wake. Kazi yao ilikuwa nini? Hema jangwani, kwa ajili ya taifa moja linalohamahama. Mataifa makubwa ya wakati ule hayakuiona. Hata hivyo Mungu alitoa maelekezo ya pazia, vinara na mavazi kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo alipotaka kukaa na watu wake.

Pili, Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba msingi wa kwanza wa thamani ya kazi ni mtu mwenyewe anayeifanya, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu. Aina ya kazi na matokeo yake huja baadaye. Katika Barua yake kwa Wasanii ya mwaka 1999 alieleza pia kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii kwa maana kamili ya neno, lakini kila mtu amekabidhiwa maisha yake ayafanye kuwa kazi njema. Basi mtunzi wa kigango anapotunga kwa uaminifu, ziko kazi mbili zinazotengenezwa kwa pamoja: wimbo, na mtunzi mwenyewe. Uvumilivu, ukweli na unyenyekevu vinavyojengeka ndani yake havipotei hata kama karatasi ya nota italiwa na mchwa.

Tatu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada, na kwamba maneno ya nyimbo yaafikiane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na liturujia. Agizo hilo haliwezi kutimizwa na watunzi wachache wa mijini peke yao. Linahitaji watu wanaoijua lugha, midundo na maisha ya kila mahali, yaani wanahitajika pia watunzi wa Katoro.

Kuridhika bila uzembe

Mafundisho haya yasitumiwe kama kisingizio. Katika mfano wa talanta, Injili ya Mathayo sura ya 25, aliyepewa tano na aliyepewa mbili walipokea sifa ileile kutoka kwa bwana wao, kwa kuwa kila mmoja alizalisha kadiri ya alichopewa. Aliyelaumiwa ni yule aliyefukia yake. Hakulaumiwa kwa kupewa kidogo. Alilaumiwa kwa kukiacha kidogo hicho bila kazi. Sisi tunaoishi penye mashimo tunaelewa vizuri: ardhini tunachimba ili tutoe, hatuchimbi ili tufukie.

Kwa hiyo mtunzi wa kigangoni ana wajibu wa kujifunza. Ajifunze nota vizuri, asome Maandiko kabla ya kutunga, akubali kusahihishwa na paroko na watunzi wenzake, na ajaribu wimbo na waimbaji kabla ya kuupeleka altareni. Na yule mwenzake aliyefanikiwa anaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote, kama wivu hautafunga mlango. Kumwandikia na kumwomba anitazamie kazi yangu ni tendo la unyenyekevu, na mara nyingi huzaa urafiki mpya. Wala si vibaya mtu wa Katoro kurekodi nyimbo zake au kuitwa mbali. Akiitwa, aende kwa furaha. Lililo muhimu ni kwamba asiwadharau waliomlea, na asidhani kwamba kazi yake imeanza kuwa na maana siku hiyo ndipo alipoitwa.

Wajibu wa jumuiya na uongozi

Si haki kumwachia mbunifu peke yake mzigo wote wa kutafuta maana. Mara nyingi anayekata tamaa amekatishwa na sisi. Tunamsifu mgeni aliyekuja na kwaya yake kwa basi, na yule aliyetufundisha wimbo wa kwanza hatumkumbuki hata kwa asante. Yapo mambo machache yanayowezekana katika kila parokia.

Kwanza, majina ya watunzi yaandikwe kwenye karatasi za nyimbo na yatajwe. Kuimba kazi ya mtu kwa miaka kumi bila kumtaja ni aina ya wizi mdogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa mwenye kazi yake, na dhamiri ya Kikristo haiwezi kudai pungufu ya sheria.

Pili, Bwana alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Fundi aliyeshona kanzu au kuchonga msalaba alipwe kwa wakati. Pale anapojitolea, iwe ni kwa hiari yake mwenyewe, isiwe kwa kuwa kamati imeona aibu kumpa fedha mtu wa nyumbani.

Tatu, nyimbo za nyumbani zihifadhiwe. Muswada wa Kitereza ulibaki kwa sababu yeye na marafiki wachache waliutunza. Ni nyimbo ngapi za vigango vyetu zimekufa pamoja na walimu wa kwaya waliozitunga? Katibu wa kwaya akiwa na jalada moja, na simu moja ya kurekodi sauti, kazi ya mtu haitazikwa naye.

Nne, tarehe 22 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Ingefaa kila parokia, katika siku hizo, iimbe walau wimbo mmoja uliotungwa na muumini wake na kukubaliwa na paroko, na iwaombee watunzi wake walio hai na marehemu.

Hitimisho

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wa hao ambao kazi yao haivumi. Huenda usiku wa leo utakaa tena na karatasi yako, au na cherehani yako, ukijua kwamba Dominika ijayo watakaoiona kazi hiyo ni walewale majirani unaokutana nao gulioni. Hao ndio watu uliopewa. Kati yao yumo mjane atakayeshika maneno mawili ya wimbo wako na kwenda nayo nyumbani, akayasali wiki nzima, nawe hutaambiwa. Mungu, anayeona sirini, anajua. Aliyempokea mjane maskini kwa senti zake mbili mbele ya sanduku la hazina hajabadili mizani yake.

Tumwombe Roho Mtakatifu atujalie furaha ya Yonathani mbele ya mafanikio ya wenzetu, na uvumilivu wa mzee wa Ukerewe katika kazi yetu wenyewe. Tumsifu Yesu Kristo.